Msiipoteze Pemba

Wanangu, kila kundi jipya ninalolisimamia hapa Unguja hupewa zoezi moja: kufinyanga kiakisi (sahani inayorudisha mawimbi) cha antena ya satelaiti kwa programu ya uboreshaji, ili mwale wake uenee Tanzania nzima, visiwa vikiwemo. Na kila kundi huipoteza Pemba.

Kwanza, basi, ni mpaka wa eneo la huduma. Kijana huchora poligoni inayopita ukingoni kabisa mwa pwani ya mashariki ya Pemba, hupanga ndani yake vituo, yaani nukta za kupimia nguvu ya mwale, kisha huiachia programu ianze na paraboloidi, umbo la kawaida la dishi, na kuukunja uso wake hatua kwa hatua. Programu hukitafuta kituo kilicho dhaifu kuliko vyote, hukiinua, hurudia tena, na kwa kuwa nguvu ni ile ile, huikusanya ndani ya mpaka na kuiacha ishuke ghafla nje yake. Kila kituo kimefaulu, na kijana hunijia amejaa furaha, nami huona uchungu kumwambia arudi mezani. Satelaiti haitulii kama tulivyoichora. Chukulieni kosa la uelekezaji la digrii 0.1: kutoka obiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, karibu na meridiani yetu, hilo ni kiasi cha kilomita 60 huku chini, ilhali upana wa Pemba haufiki nusu ya hapo. Mwale ukisogea magharibi kiasi hicho, kisiwa kizima, Micheweni hadi Mkoani, kinaangukia kwenye mteremko, na mtu wa Wete aliyelifunga dishi lake sawasawa atalaumu mvua au minazi, kumbe kosa ni letu. Panueni mpaka pande zote kabla ya kuanza, na mkubali geini, yaani kiasi mwale unavyokusanya nguvu, ipungue.

Pili, vituo visiachane zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi uliogawanywa kwa kipenyo cha kiakisi, kwa radiani, la sivyo mwale utatoboka katikati yao.

Tatu, gawanyeni 41,253, idadi ya digrii za mraba za tufe zima, kwa eneo lenu la digrii za mraba; jibu ndilo kikomo cha geini. Kwa eneo la digrii za mraba 4, geini haivuki desibeli 40 na kidogo, na antena halisi haifiki hata hapo. Kijana mmoja, hodari kweli, alikesha akitafuta 42 kwa kuongeza vigezo vya splaini, yaani mikondo laini inayoeleza umbo la uso, mpaka uso ukajaa mikunjo ambayo hakuna fundi wa kuitengeneza. Anzeni na vigezo vichache, muongeze pale tu kituo dhaifu kinapoacha kupanda.