Swali la lugha: Programu iandikeje "2:30 PM" kwa Kiswahili?

SWALI: Ninatengeneza programu ya kupangia miadi na sasa naigeuza iseme Kiswahili. Saa imehifadhiwa kama 14:30, na kwa Kiingereza inaandikwa "2:30 PM". Nimebadilisha PM ikawa "jioni", lakini mwenzangu anasema nimeharibu. Niandike "2:30 jioni", "8:30 mchana" au "saa nane na nusu"? Na tarehe je?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na kosa lenyewe si dogo. Msomaji wa Kiswahili akiona "2:30 jioni" atasoma saa mbili na nusu, yaani 20:30. Neno "jioni" litamkwaza kidogo, maana saa mbili na nusu ni usiku, lakini wengi watashika namba na kupuuza neno. Mtu mwenye miadi ya mchana atafika saa sita nzima baada ya wakati wake.

Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa panapokucha na panapokuchwa, kwa hiyo kubadilisha AM na PM peke yake hakutoshi. Namba ya saa nayo lazima igeuke. Usiiguse saa iliyohifadhiwa. Iache kama ilivyo, ugeuze pale tu programu inapoandika maandishi ya kusomwa na mtu. Chukua saa ya mfumo wa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12, ushike baki. Baki ikiwa sifuri, andika 12. Kwa 14 unapata 20, baki 8: saa nane. Kwa 6 unapata 12, baki sifuri: saa kumi na mbili. Wengi hutoa 6 badala ya kuongeza, na mchana kutwa hesabu hukubali. Ikifika 02:00 jibu ni hasi 4, na katika lugha za kuandikia programu kama C na Java baki yake hubaki hasi. Hakuna saa hasi nne katika Kiswahili wala kwingineko.

Kisha taja kipindi cha siku, kila mara. "Saa 8:30" bila kipindi inaweza kuwa 14:30 au 02:30, na aliyezoea saa za kimataifa atadhani ni 08:30. Mimi ningegawa hivi: alfajiri kuanzia 04:00, asubuhi kuanzia 06:00, mchana kuanzia 12:00, jioni kuanzia 16:00, usiku kuanzia 19:00. Wapo watakaotaka alasiri iwe na nafasi yake, na siwapingi. Muhimu ni programu nzima ifuate mgawo mmoja.

Kwa hiyo kati ya hizo tatu zako, "saa 8:30 mchana" ndiyo inayofaa kwenye skrini, na "saa nane na nusu mchana" inafaa zaidi pale programu inaposoma kwa sauti. Ondoa sifuri ya mbele: "saa 08:30" ni sura ya saa ya mfumo wa 24, na itampotosha msomaji. Dakika ndizo zibaki na tarakimu mbili. "Kasoro" na "kasorobo" ni tamu mdomoni, lakini zinadai utaje saa inayofuata, na mara nyingine kipindi nacho hubadilika. Ziachie mazungumzo. Pasipo nafasi ya maneno, kama kwenye jedwali, andika 14:30 tupu, bila neno "saa" wala kipindi.

Usiku una mtego mwingine. Saa 01:30 ya tarehe 6 Machi 2024 kwa kompyuta ni Jumatano. Ukiandika "Jumatano saa 7:30 usiku", wako watakaongoja mpaka Jumatano ichwe. Kiswahili kina namna yake ya kuliondolea utata jambo hilo: "saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumatano". Weka sharti moja dogo kwenye msimbo: ikiwa saa ni chini ya 4, ongeza "wa kuamkia" kabla ya jina la siku.

Tarehe ni nyepesi. Siku, mwezi, mwaka: "Jumanne, 5 Machi 2024". Hakuna kiambishi cha kubandika kwenye 1, 2 au 3. Msomaji mwenyewe ataisoma 1 kama "mosi". Jina la mwezi liandikwe, kwa sababu 05/03/2024 huko Marekani ni tarehe 3 Mei. Ule mpangilio wa 2024-03-05 wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, ni mzuri kwa majina ya mafaili, si kwa sentensi.

Ukifupisha, miezi inakubali herufi tatu za mwanzo: Jan, Feb, Mac, hadi Des, hakuna zinazogongana. Siku hazikubali. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano zote zitakuwa "Jum". Tumia Jmo, Jpi, Jtt, Jnn, Jtn, Alh na Ijm, au andika majina kamili.

Mwisho, angalia vijineno vinavyozunguka tarehe na saa. Andika "Miadi yako ni tarehe 5 Machi 2024, saa 8:30 mchana". Usiandike "katika tarehe 5" wala "kwenye saa 8:30"; maneno "tarehe" na "saa" yanajitosheleza hapo. Na kama fomu tayari ina kichwa "Tarehe:", usirudie neno hilo ndani ya kisanduku.