Chupa za bia kupasuka: ulifunga hamira ikiwa bado inafanya kazi

Mkuu, umeuliza kwa nini chupa tatu za bia yako ya kwanza zimepasuka stoo na zilizobaki hazina gesi, wakati zote zimetoka ndoo moja. Kabla ya yote, hizo zilizobaki zifunike na gunia zito sasa hivi na watoto wasiingie humo. Mimi nilipasukiwa na chupa nne usiku mmoja wa Desemba hapa Chikongola, Mtwara, na vigae vilifika hadi kwenye chandarua cha mwanangu. Toka siku ile sina mzaha na jambo hili.

Napika kwa mtama, maana kimea cha shayiri huku sijawahi kukiona sokoni. Bibi yangu wa Masasi ndiye aliyenifundisha: loweka usiku kucha, tandaza kwenye gunia bichi siku tatu nne mpaka uote, kisha anika. Ukikauka usugue kwa viganja na kuupeta hadi mizizi na machipukizi yaishe, kwa sababu yana sumu ya sianidi. Usiwamwagie hata mbuzi.

Halafu unapika uji mzito wa mtama, unauacha upoe hadi nyuzi 65 hivi, ndipo unatia unga wa kimea. Ukikitia uji ukiwa unatokota, kimea kinakufa na utamu hautoki. Ukipatia, ndani ya saa moja uji uliokuwa unagandia mwiko unalegea na kuwa mtamu bila punje ya sukari. Hatua hii naipenda kuliko zote. Baada ya hapo ni kuchuja, kuchemsha, kupoza na kutia hamira.

Kosa langu lilikuja hapo. Desemba nyumba ya bati ni tanuri, na hamira kwenye joto inafanya kazi kwa pupa. Siku ya pili povu lilishuka, nikaamini imeisha, nikajaza chupa. Nilipompigia bibi simu aliniuliza: "Mjukuu wangu, uliifunga mdomo ingali inasema?" Yeye pombe yake inanyweka siku ya tatu ikiwa hai, kibuyu kiko wazi, gesi inajiendea. Mimi nilipeleka mazoea ya kibuyu kwenye chupa, na chupa haina pa kupumulia. Siku hizi nainamisha sikio kwenye ndoo, na nikisikia mchirizo kama mvua ya mbali, naiacha.

Lakini sikio peke yake halitoshi. Nimenunua haidromita, kipimo kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha uzito wake ukilinganisha na maji, ambayo ni 1.000; sukari ikiliwa na hamira, namba inashuka. Mapishi yangu huanzia 1.045 hivi, na sifungi mpaka kipimo kisome namba ileile siku tatu mfululizo, mara nyingi karibu na 1.010. Kama huna, subiri wiki mbili kamili.

Sasa kwa nini nyingine zimepasuka na nyingine zimepooza? Umesema ulitia sukari kijiko kimoja kimoja kwa kila chupa. Chupa ya nusu lita inataka kama gramu 3 tu, na kijiko cha chai kilichojaa mlima kinabeba karibu mara mbili ya hapo. Chupa moja imeshiba, nyingine imepunjwa. Pima gramu 6 kwa kila lita, yeyusha kwenye maji kidogo yaliyochemshwa, mimina kwenye ndoo safi, kisha ingiza bia juu yake kwa mrija taratibu. Zilizopooza kabisa nashuku vizibo pia, maana kizibo kilichokwishafunguliwa hakirudi kubana.

Kwa mapishi ya pili nakushauri chupa za plastiki za soda. Unaziminya kwa vidole: zikiwa ngumu kama jiwe, gesi imetosha, ziweke kwenye friji. Na ndoo yako iweke ndani ya beseni la maji, izungushie kanga iliyolowa, upepo uipige. Kwangu hamira imetulia sana tangu nianze hivyo, na ile harufu kali imepungua.

Hizo za stoo zipoze kwanza zipate baridi, ila zisigande, kisha zifungulie nje ukiwa umezizungushia taulo. Utuambie mashapo ya chini yana unene gani. Yakiwa mazito sana, huenda hamira ilikuwa bado inafanya kazi ulipofunga.