Mguu Mmoja Unalipwa Shilingi Ngapi?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina miaka 26, naishi Chalinze. Miezi kumi iliyopita bosi wangu wa duka la spea alinituma nikachukue mzigo. Nikapanda bodaboda, tukagongwa na lori la mizigo lililokuwa linapita basi. Nimekatwa mguu wa kulia chini ya goti. Dereva wa lori alipelekwa mahakamani, akakiri kosa, akatozwa faini, mimi sijapata kitu. Kuna kaka mmoja anashughulika na mambo ya bima, ameniambia mguu mmoja ni milioni 40 na yeye atachukua asilimia 30. Nimeshampa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na karatasi zote za hospitali. Je, hicho ndicho kiwango cha kisheria au ananipunja?

JIBU: Marahaba, na pole sana.

Hakuna kiwango. Sheria ya Tanzania haina orodha ya bei za viungo, kwamba mguu ni kiasi hiki, jicho kiasi kile, kidole gumba kiasi kile. Nalijibu swali hili karibu kila wiki, na kila mara nikiuliza nani kasema, naambiwa "kuna mtu". Mtu huyo ndiye anayenikera. Akishakutajia bei umeshaacha kuuliza mambo ya maana, unabaki kupigia hesabu milioni ambazo hajaziona popote.

Najua uvumi huu umetoka wapi. Kwa ajali za kazini kuna utaratibu wa kupima ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Vishoka, yaani madalali wasio rasmi kama huyo kaka yako, wamezisikia hizo asilimia wakazigeuza bei ya sokoni. Lakini hata huko asilimia inapigwa kwenye mshahara wako, kwa hiyo watu wawili waliokatwa mguu sehemu ileile hawalipwi sawa.

Ajali ya barabarani ina njia yake. Unamdai dereva kwa uzembe wake, na mwenye lori kwa kuwa dereva alikuwa kwenye kazi yake. Nyuma yao ipo kampuni ya bima, maana Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inalazimisha kila gari kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine. Kiasi utakachopata kinategemea ushahidi utakaouweka mezani. Kuna fidia mahususi, yaani hasara inayohesabika: matibabu, nauli za kliniki, mshahara uliokatika, gharama za mguu wa bandia. Hizi Mahakama ya Rufani imesema miaka mingi kwamba lazima zitajwe moja moja kwenye madai na zithibitishwe kikamilifu. Huna risiti, huna kithibitisho kingine, hupati, hata hakimu akuonee huruma namna gani. Halafu kuna fidia ya jumla, ya maumivu na maisha yaliyobadilika, na hiyo hupangwa na mahakama kwa busara yake. Anayekutajia namba kamili ya fidia ya jumla kabla ya hukumu anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Watu wanapoteza fedha nyingi zaidi kwenye mguu wa bandia. Wanaleta risiti ya mguu wa kwanza, basi. Wewe una miaka 26. Kisiki hupungua unene baada ya upasuaji, kile kikombe kinachovaliwa juu yake kinaanza kulegea, kinabadilishwa. Mguu wenyewe nao huchakaa, na utahitaji mwingine, na mwingine tena, mpaka uzeeni. Nenda kwa wataalamu wa viungo bandia, iwe hospitali ya KCMC Moshi, au CCBRT au MOI za Dar es Salaam, uombe barua inayoeleza unahitaji mguu wa aina gani, unabadilishwa baada ya muda gani na unagharimu kiasi gani. Barua hiyo ina uzito kuliko maneno yote ya huyo kaka yako.

Kuhusu ile faini: imeingia serikalini. Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, wewe ulikuwa shahidi tu. Wengi hukaa wakisubiri "kesi iishe ndipo nilipwe", kesi inaisha na hakuna anayewapigia simu. Hata hivyo ina faida kubwa kwako. Dereva amekiri na ametiwa hatiani, na hukumu hiyo inatumika kama ushahidi kwenye madai yako. Nenda masjala ya mahakama uombe nakala iliyothibitishwa. Polisi omba ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa magari. Andika namba za usajili za kichwa na za tela, kwa sababu kila kimoja kina usajili wake, kisha uhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa namba hizo. Na kampuni ya bima ipewe taarifa ya maandishi ya kesi mapema, isije baadaye ikaikwepa hukumu kwa kusema haikujulishwa.

Jiandae pia kuulizwa mliketi wangapi kwenye pikipiki na kama ulivaa helmeti. Kama mlipanda mishikaki, sema ukweli kwa wakili wako. Fidia inaweza kupunguzwa, lakini inapungua zaidi ukikamatwa unadanganya.

Sasa jambo ulilolipitia kwa sentensi moja. Bosi ALIKUTUMA. Kwa hiyo hii ni ajali ya kazini vilevile, na una haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huu unagharamia matibabu na utengamao, na ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi badala ya mkupuo. Bosi akisema hajajisajili, hilo ni kosa lake, maana kila mwajiri Tanzania Bara analazimika kujisajili. Lakini taarifa ya ajali lazima itolewe ndani ya miezi 12, na wewe umeshatumia kumi. Madai dhidi ya mwenye lori yana miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo, Sura 89. Njia zote mbili ziko wazi, ila hasara ileile hailipwi mara mbili.

Kishoka hakukuuliza ulikuwa unakwenda wapi siku hiyo. Hakuuliza kwa sababu WCF hakuna asilimia 30 ya kukata. Hawa watu wanazunguka mawodini na kwenye mageti ya vituo vya polisi, wanakusanya PF3. Kazi yao huishia kwenye karatasi moja ya kampuni ya bima, inayosema umepokea malipo kamili na ya mwisho na hutadai tena. Unaisaini ndani ya gari huku umeahidiwa kwamba hizi ni za kuanzia. Nimekutana na watu waliosaini hivyo kwa fedha zisizotosha hata mguu mmoja wa bandia, na kuifuta saini hiyo ni kazi ngumu mno. Karatasi za "tumeyamaliza kifamilia" zinazoandikwa kituoni hazina tofauti kubwa. Usisaini chochote chenye neno "mwisho" kabla wakili hajakisoma.

Wakili ahakikiwe pia. Uliza jina lake kamili, litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama ana leseni hai ya mwaka huu. Suti na mhuri vinapatikana Kariakoo. Makubaliano ya ada yawe ya maandishi, na fedha za fidia zipitie akaunti yenye jina lako. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa huduma wa bure. Anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, watakuelekeza.

Karatasi zako zidai leo, nakala halisi zote, mbele ya shahidi. Akikuzungusha, ripoti polisi, kisha rudi hospitali uombe nakala za faili lako. Usisubiri zirudi ndipo uende kwa bosi. Mwandikie taarifa ya ajali yenye tarehe, mahali na alikokuwa amekutuma, nakala mbili, moja aisaini ubaki nayo. Akigoma kusaini, ipeleke mwenyewe ofisi ya WCF ukiwa na jina la duka na jina la huyo aliyegoma.