Bei za washindani: anza na kinachomfikia mpokeaji

Ukipewa kazi ya kufuatilia bei za washindani katika kampuni ya kutuma fedha, kinachokuja kichwani kwanza ni kuorodhesha ada ya kila kampuni. Ada inaonekana upesi, na ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu sehemu nyingine ya bei imo ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha.

Chukua njia ya Uingereza kwenda Kenya. Tuseme kiwango cha katikati, kile kilicho kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza sokoni, ni shilingi 170 kwa pauni. Kampuni ya kwanza inatangaza "bila ada" na kutoa 165. Ya pili inatoza pauni 2 na kutoa 169. Mtu mwenye pauni 200 tu, bila senti ya ziada, atafikisha shilingi 33,000 kupitia ya kwanza na 33,462 kupitia ya pili. Ya bure ndiyo ghali! Kwa hiyo safu kuu ya jedwali lako ijibu swali moja: nikitoa pauni 200, makato yote yakiwa humo humo, mama kule Kisumu anapata ngapi?

Pima kwa kiasi kidogo na kiasi kikubwa cha fedha. Benki ya Dunia, inayolinganisha bei hizi tangu 2008, hutumia dola 200 na dola 500, na ina sababu: ada isiyobadilika huumiza anayetuma kidogo, ilhali pengo kati ya kiwango cha kampuni na kile cha katikati linazidi kuuma kadiri fedha zinavyoongezeka. Kampuni inayoshinda kwenye 200 inaweza kushindwa kwenye 500.

Halafu saa. Ukichukua bei ya huyu Ijumaa mchana na ya yule Jumatatu asubuhi, umepima mtikisiko wa soko, hujampima mshindani. Zichukue zote kwa mkupuo, uandike saa na kiwango cha soko pembeni. Wikendi iwe na rekodi yake, maana soko la fedha za kigeni limefungwa na baadhi ya kampuni hujiongezea kinga, yaani hushusha kiwango kidogo zisije zikapata hasara soko likifunguliwa.

Ofa ya mteja mpya ndiyo mtego ninaouona kila mara. Ukiangalia bila kuingia kwenye akaunti, huenda unaoneshwa kiwango cha muamala wa kwanza tu. Mteja wa zamani anapata kingine, na ndiye anayetuma kila mwisho wa mwezi. Weka safu mbili.

Andika pia mtumaji analipaje, kwa kadi au kutoka benki, na mpokeaji anapokeaje: M-Pesa, akaunti ya benki au taslimu kwa wakala. Kwa Tanzania, gharama ya kutoa fedha kwenye simu haionekani upande wa mtumaji, lakini mpokeaji anaijua vizuri sana; tozo ya miamala ya Julai 2021 ilizungumzwa hadi vijiweni.

Maduka ya mawakala ambayo hayaweki bei mtandaoni, piga simu au nenda kaunta. Hakuna programu itakayokufanyia hilo.

Na ukiona mshindani kashuka ghafla asubuhi, usikimbilie kwa wapanga bei. Huenda anafanya jaribio kwa wateja wachache. Angalia tena alasiri, kwa simu nyingine, ndipo upeleke habari.