Maswali Yenu: Taka za Bahari Mbele ya Kamera

Ninunue kamera gani ili nipige picha za sanaa kwa plastiki ya baharini? (Msomaji, Tanga)

Simu hiyo hiyo uliyoniandikia. Swali hili nimechoka nalo. Nunua glavu nene na gunia. Ufukweni kuna sindano.

Nimeokota ndala zaidi ya mia, lakini pichani naona jalala tu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Malindi)

Umezimwaga zote, ukasimama mbali. Chambua kwanza. Mpiga picha Mwingereza Mandy Barker hupiga picha vipande vya plastiki juu ya weusi mtupu, ukadhani vinaelea kilindini. Mwaka 2014, mwaka wa Kombe la Dunia, aliomba watu wamtumie mipira iliyotupwa na bahari. Kwa miezi minne tu ikafika 992, kutoka nchi na visiwa 41. Msanii Alejandro Durán yeye hupanga taka palepale ufukweni, Sian Ka'an, Mexico, rangi kwa rangi, na katika taka hizo ametambua bidhaa za nchi na maeneo 58.

Zako ningezipanga kwa uchakavu: kuanzia yenye alama ya kidole gumba hadi ile iliyobaki kama biskuti iliyoumwa. Suuza kwa maji baridi, anika kivulini, wala usisugue viumbe vya baharini vilivyoganda juu yake. Hao ndio ushahidi kwamba ilikaa majini. Piga siku ya mawingu au kwenye kivuli cha ukuta. Cha mnazi kitakupa madoadoa.

Niende ufukweni saa ngapi?

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa alfajiri, kwa hiyo jua likichomoza mstari wa mwani umeachwa mbichi, na taka zimenasa humo. Ukichelewa hadi saa nne, mwanga umeshakuwa mkali.

Nikikuta kasa amekufa, nimtie mfuko wa plastiki mdomoni ili ujumbe ufike?

Huo ni uongo, hata ukiuita sanaa. Mwaka 2009 Chris Jordan alipiga picha makinda ya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, waliokufa kisiwani Midway, katika Pasifiki, matumbo yamejaa vizibo na viberiti vya gesi, na hakusogeza hata kipande kimoja. Ukipanga kitu, sema umepanga. Wewe ukifumaniwa, mvuvi aliyemwona kasa wa kweli ndiye hataaminiwa.

Nikimaliza kupiga, taka nizipeleke wapi?

Afadhali wewe umeuliza. Wengi huziacha hapo hapo, na jioni maji yakijaa yanazichukua tena. Niliwahi kualikwa kwenye maonyesho ya "plastiki ya bahari": chupa zote zilikuwa mpya, vizibo vinang'aa, hata chumvi hazijaionja. Lamu waliunda jahazi la Flipflopi kwa takriban tani 10 za plastiki, wakalivika ndala 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Jahazi hilo lilipopigwa picha, taka zilikuwa tayari zimepata kazi. Tafuta anayenunua plastiki kwa kilo kabla hujaokota, na chini ya picha andika mahali, tarehe, uzito, na zilikoishia. Kama huwezi kuandika hilo la mwisho, usiniletee picha.

Je, ni halali kuziuza picha hizi?

Uza. Ila vijana waliokuokotea nao walipwe, tena pesa, si fulana.