Simu Ikihama Mnara, Kumbukumbu Ihame Nayo

Juzi kijana wa Mambrui kaniandikia: "Kaka, nataka kusomea mitandao ya simu, nianzie wapi?" Nikamjibu aanzie pale simu inapohama mnara.

Vijana wengi mnakimbilia kasi. Mimi nilishika vichwa vya pakiti, yaani maelezo kama anwani yanayotangulia kila kipande cha data, na leo ndivyo vinavyonilisha hapa Malindi. Sauti inayopita kwenye intaneti hukatwa vipande vya milisekunde 20, kila kimoja baiti thelathini na kitu. Juu yake hupandishwa vichwa vya itifaki tatu za intaneti, IP, UDP na RTP: baiti 40, au 60 ukitumia IPv6, toleo jipya la IP. Gunia zito kuliko mchele uliomo! ROHC, mbinu ya kubana vichwa iliyotolewa mwaka 2001 na IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, huvibana hadi baiti chache mno, hata moja, kwa kuwa pande zote mbili zimeweka kwenye kumbukumbu yale yasiyobadilika, kama anwani.

Kwenye 4G kumbukumbu hiyo hukaa mnarani. Simu ikihama, kwa kawaida hufutwa, vichwa vizima vinatumwa upya, tena mawimbi yakiwa hafifu.

Niliposema chuoni kwamba mradi wangu ni kuihamisha kumbukumbu hiyo hadi mnara mpya, mhadhiri mmoja aliniambia mbele ya wenzangu nitafute kitu chenye maana. Iliniuma, na bado inauma. IETF ilikuwa imetoa hati yake RFC 4067 mwaka 2005 kwa ajili ya uhamishaji wa namna hii hii! Nikaendelea nyumbani, nikiigiza minara kwa kompyuta kuukuu na programu huria. Usiku ule pakiti ya kwanza kwenye "mnara" mpya ilipopita na kichwa kidogo, nilimwita mama kutoka jikoni aje aone. Kazi niliyo nayo niliipata kwa kuonyesha jaribio hilo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msingoje kuruhusiwa. Fungua Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti, tazama pakiti za mwanzo baada ya kuhama. Ukiona baiti ya kwanza inaanza na biti 1111110, mnara mpya umeanza upya, kumbukumbu haikufika. Tazama tena na tena, usichoke. Na namba ya mfuatano ihamishe mwisho, maana inasonga kwa kila kipande. Ikipitwa mno, ukaguzi wa makosa uitwao CRC utaikataa pakiti. Anwani zinaweza kutangulia hata kabla simu haijahama.