Ukienda kuzunguka visiwa vya Mafia, uliza maji kwanza, hoteli baadaye

Watu wakiniuliza likizo ya visiwa waende wapi huwa wanasubiri niseme Unguja, na Unguja ni kuzuri sina ubishi, ila mtu anayetaka kuruka kisiwa hiki kwenda kile, leo yuko kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, kesho magofu, keshokutwa anaogelea kwenye bwawa la chumvi lililojificha msituni, huyo mimi namwambia moja kwa moja aende Mafia. Pale Utende, kijiji cha kisiwa kikubwa cha Mafia, ukisimama ufukweni unaiona Chole hiyo hapo mbele yako, Juani nyuma yake, Jibondo kule kusini, vyote kwenye ghuba moja.

Sasa shida ninayoiona kwa watu wengi ni moja tu. Wanapanga safari kama wanavyopanga ratiba ya ofisini, Jumatatu hiki Jumanne kile, wanalipia kila kitu kabisa, halafu wakifika wanaambiwa leo Kua, yale magofu ya kisiwa cha Juani, hakuendeki, wanadhani wanazungushwa. Hawazungushwi bana, ni maji. Ghuba ya Chole maji yanapanda na kushuka sana, siku za bamvua, yaani maji yanapopanda na kushuka kupita kawaida, tofauti inafika mita tatu na zaidi, yaani pale ulipopita na mashua asubuhi mchana unakuta mashua zimelala ubavu kwenye matope na watu wanapita kwa miguu.

Kwa hiyo kabla hujakata tiketi angalia mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvua, na kwa pwani yetu siku za bamvua maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, yanakupwa mida ya saa nne saa tano asubuhi. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi. Baada ya wiki mambo yamegeuka kabisa, asubuhi saa nne maji yamejaa na jioni yamekupwa, na hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Mimi napenda kufika siku tatu nne baada ya mwezi mpevu, na nitakwambia kwa nini. Hapo kupwa kunaangukia mchana, saa sita saa saba, na huo ndio muda wa mafungu. Marimbani na Mange ni mafungu ya mchanga mweupe, maji yakijaa hayaonekani au kinabaki kipande kidogo tu, yakipungua mchanga unatoka taratibu mpaka unapata sehemu ya kutandika mkeka na kula samaki wa kuchoma. Mwambie nahodha mtoke mapema mfike maji yakiwa bado yanashuka, mzamie kidogo kwenye matumbawe ya pembeni wakati mchanga unajitokeza, na akisema sasa turudi muondoke, msimbembeleze nusu saa nyingine, yeye anajua wapi pa kupita na maji yakiwa kiasi gani. Kivuli hakuna hata kidogo kule, beba mwavuli, kanga, na maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani.

Siku zinavyosogea kujaa kunakuja asubuhi, na hapo ndipo unaenda Juani kuona Kua. Mashua inapita kwenye mikoko na inahitaji maji ya kutosha kukufikisha, ndiyo maana siku nyingine wanakataa. Kua ulikuwa mji hasa, kuna misikiti kadhaa na jumba kubwa la watawala, kuta za mawe ya matumbawe zimesimama na mizizi ya miti imezikumbatia. Uliteketezwa na Wasakalava waliotoka Madagaska kwenye karne ya 19, waliovamia kwa mitumbwi, watu wengine wakauawa wengine wakachukuliwa utumwani. Chukua mtu wa kukuongoza kutoka kijijini, siyo kwa ajili ya njia tu, wana simulizi za pale ambazo peke yako huzipati, na bado kuna watu wanaweka sadaka kwenye hayo magofu kwa hiyo usipande juu ya makaburi kutafuta picha. Juani huko huko ndiko liliko lile bwawa ninalolisema, limezungukwa na mwamba, maji ya bahari yanaingia kwa chini, na kasa wanataga kwenye fukwe za upande wa bahari kuu. Ukienda kati ya Juni na Septemba ulizia kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa.

Chole haitaki mahesabu mengi. Mashua ya abiria ipo pale Utende, nauli ndogo, unavuka na wanafunzi na akina mama wenye ndoo zao, ndani ya robo saa umefika. Kuna popo wakubwa wa Komoro wananing'inia mchana kweupe kwenye miti, na magofu ya enzi ambazo Chole ndiyo ilikuwa mji mkuu wa Mafia kabla Wajerumani hawajahamishia makao yao Kilindoni, kwenye kisiwa kikubwa. Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kukaa pale ufukweni wakati wa kupwa kwa bamvua. Wanawake wanashuka na mabeseni na vyuma vyao virefu, wanatembea kwenye mwamba wameinama, wanachokoa shimo kwa shimo. Dada mmoja alikuwa karibu nami kabisa, akaingiza chuma, akasubiri, akavuta pweza aliyekwisha kumviringa mkono mpaka kwenye kiwiko, akambandua taratibu mkono mmoja mmoja huku anapiga stori na mwenzake, akampigiza juu ya jiwe, akaendelea mbele. Wanajua mwamba ule kama unavyojua jikoni kwako. Salimia kwanza kabla hujatoa simu kupiga picha, na kama unataka pweza nunua kwake pale pale, usipunguze bei mpaka mtu aone aibu.

Viatu: yeboyebo au raba kuukuu, ni muhimu sana, kwenye maji ya magoti kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi na kuna samaki taa amejifukia mchangani, tembea kwa kuburuza miguu atakusikia aondoke. Vijijini vaa nguo ya stara, ni watu wa dini na ni wakarimu mno.

Eneo lote hilo ni hifadhi ya bahari, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa 1995, ada inalipwa na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kisikae nyumbani. Hela taslimu toa Kilindoni kabisa.

Papa potwe, yule papa mkubwa mpole mwenye madoa, ni habari ya upande mwingine, yuko magharibi huko Kilindoni, kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, na hayo ndiyo majira mazuri hata kwa mashua maana upepo wa kusi umelala. Usimguse na usimkatie mbele.

Kurudi sasa. Ndege kutoka Dar ni nusu saa tu, boti ya Nyamisati, bandari ya upande wa bara, ni bei nafuu zaidi ila muda unabadilika na bahari ikichafuka inaweza isiondoke, kwa hiyo usipange kurudi Jumapili halafu Jumatatu asubuhi uko kazini. Weka siku moja ya akiba, ulale Kilindoni, jioni shuka pale mashua zinapoleta samaki, na piga simu usiku huo huo uulize boti ya kesho inatoka saa ngapi.